Matofali ya tanuru la barabara ya Kasenga, Lubumbashi: nimejengea, naeleza

Nianze na jibu, maana najua wengi wanalitafuta kabla mvua haijaanza: ndiyo, matofali haya yanafaa kujengea, nunueni. Matofali ya kuchoma niliyonunua kwa mzee mmoja mwenye tanuru upande wa barabara ya Kasenga yamesimamisha vyumba viwili nyuma ya nyumba ya familia yetu, mtaani Katuba. Yamepita msimu mzima wa mvua. Ukuta haujatoa ufa, wala haujamomonyoka kule chini ambako maji ya paa yanaruka na kuupiga. Lakini kuna mambo ya kuangalia pale kwenye rundo kabla hujatoa pesa, na kuna sababu kwa nini tofali hili la udongo lingepaswa kuheshimiwa zaidi hapa mjini.

Fundi wetu alitaka bloki za simenti. Mafundi vijana wengi wa Lubumbashi wanazipenda: bloki moja inachukua nafasi ya matofali kadhaa, ukuta unapanda mbio, na wanaozifyatua wako kwenye barabara zote za kutokea mjini. Nilikwenda kwenye yadi moja, jina lake nitaliacha. Nikachukua bloki iliyokwisha kukauka, nikaikwaruza pembeni kwa ufunguo wa lango. Mchanga ulimwagika kama sukari. Nikauliza mfuko mmoja wa simenti unatoa bloki ngapi, kijana akaanza kunieleza bei ya usafiri. Nikauliza tena. Akasema, «Mama, hizi ndizo watu wote wanajengea.» Hapo nikaondoka.

Simlaumu sana kijana yule, kwa sababu simenti inambana kila mtu. Mifuko ya kilo 50 unayoikuta kwenye madepo yetu, mingi imevuka mpaka wa Kasumbalesa ikitoka Ndola na kandokando yake, ambako Zambia ina viwanda vikubwa; kile cha Dangote, pale Masaiti, kilianza kazi mwaka 2015. Malori yakikwama mpakani, bei ya mfuko inapanda hapa. Mfyatua bloki hawezi kumwambia mteja bei mpya kila wiki, basi anachopunguza ni simenti ndani ya mchanganyiko. Mteja haoni kitu mpaka mvua ya pili au ya tatu.

Na haikuwa hivi siku zote. Kampuni ya Ciments du Katanga iliundwa mwaka 1922, kiwanda chake kikawekwa Lubudi, penye mawe ya chokaa na njia ya reli. Upande wa magharibi, Bas-Congo, kulikuwa na kiwanda cha Lukala, nacho ni cha miaka hiyohiyo ya 1920. Kwa muda mrefu mtu wa hapa alijenga kwa simenti iliyochomwa Katanga. Kabla ya Lubudi, kila kitu kilitoka mbali: mji wetu ulianza mwaka 1910, reli ilipofika kutoka kusini kupitia Rhodesia, na treni hiyo ndiyo iliyoleta simenti, malata ya paa, misumari, vioo na vyuma. Kitu kimoja hakikuhitaji treni, nacho ni udongo wa tofali.

Hapo ndipo ninapomrudia mzee wangu wa tanuru, kwa sababu kazi yake inaanzia palepale mji ulipoanzia.

Anayeijua porini ya Katanga anavijua vichuguu vyetu. Vingine vinapita urefu wa nyumba, na mti umeota juu yake. Ardhi ya kawaida huku ni nyekundu yenye changarawe, ukiifyatua tofali inapasuka. Mchwa wamefanya kazi ambayo mtu angeifanya kwa mashine: wamechukua udongo laini kutoka chini, chembe kwa chembe, kwa miaka mingi sana, wakauweka juu. Udongo huo una mnato, unashika umbo la kibao, na ukichomwa unakuwa mgumu. Mwaka 1911 Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, ilipoanza kuyeyusha shaba hapa, na watu wakaanza kumiminika kutafuta kazi, wajenzi waliuchukua udongo huo wa vichuguu wakafyatua. Mzee wangu anafanya vilevile leo.

Nilipofika kwake kichuguu kilikuwa kimeliwa nusu. Upande uliokatwa ulikuwa umesimama wima, na ndani yake unaona njia za mchwa na vyumba vyao, vingine vipana kiasi cha kuingiza ngumi. Vijana wake wanachimba, wanamwaga maji, wanaacha udongo ulale, kisha wanaukanyaga kwa miguu mpaka usiwe na donge. Mfyatuaji ana kibao cha mbao chenye vyumba viwili. Anakichovya majini, anakipaka mchanga mwembamba, anapiga donge la udongo ndani kwa nguvu ili pembe zijae, anakata juu kwa ubao, anakimbia nalo hatua chache na kuligeuza chini. Pembe ndizo zinazoonyesha mfyatuaji mzuri. Akiweka udongo polepole badala ya kuupiga, pembe zinabaki na uwazi, na tofali hilo litavunjika kwenye lori.

Kisha wanafunika kwa majani. Watu wengi hawaelewi kwa nini, wanafikiri jua kali ndilo linalofaa. Jua kali linakausha uso haraka wakati ndani bado kuna maji, na tofali linapasuka kabla hata ya kuuona moto. Mzee alinieleza hilo akinyanyua majani kwa fimbo na kunionyesha matofali yaliyokuwa yamesahaulika bila kufunikwa: kila moja lilikuwa na mstari katikati.

Tanuru lenyewe hujengwa kwa matofali hayohayo mabichi. Yanapangwa na kuachiwa vichochoro vya kuni chini, rundo linapanda juu ya kimo cha mtu, kisha nje linapakwa matope ili joto lisitoroke. Moto unawashwa na kulishwa usiku na mchana. Mtu anakesha. Moto ukipungua usiku mmoja kwa sababu kijana amelala, matofali ya upande huo hayaivi, na hakuna namna ya kuyaokoa isipokuwa kuyachoma upya.

Sasa sehemu ya maana kwa mnunuzi. Tanuru la aina hii haliivishi sawasawa, hata kwa fundi hodari. Yaliyo karibu na vichochoro vya moto yanaiva kupita kiasi, yanakuwa meusi na kupinda. Ya katikati yanatoka vizuri. Ya pembeni kabisa, chini ya ile plasta ya matope, yanatoka na rangi iliyopauka. Wauzaji wengi wanabomoa tanuru na kuchanganya yote, unapakiziwa yaliyoiva na mabichi kwa bei moja. Mzee huyu anatenganisha mafungu matatu, na bei tatu. Hii ndiyo sababu ya kwanza kabisa ya kumsifu.

Nilimwuliza nitajuaje kama fungu la kwanza kweli ni la kwanza. Akanijibu, «Mama, beba mawili, gonganisha. Usiangalie rangi, sikia.» Yaliyoiva yalitoa mlio mkali, wa juu. Akanipa mawili ya fungu la tatu, nikagonganisha: sauti butu, fupi. Baada ya hapo hakuna wa kunidanganya. Halafu nikamwomba tuvunje moja katikati, naye hakununa. Ndani kulikuwa na rangi moja mpaka kwenye moyo. Ukiona moyo mweusi na ganda jekundu, moto haukufika ndani. Nilibeba machache nyumbani nikayalaza kwenye ndoo ya maji mpaka asubuhi. Yalitoka mazima, pembe zake zote zipo, na maji ya ndoo yalikuwa yamechafuka kidogo tu. Tofali bichi lingekuwa limeanza kurudi kuwa matope.

Mbinu hizi sikuzigundua mimi. Baba yangu alikuwa fundi mwashi kwenye kambi za wafanyakazi wa madini, na nilikua nikimwona akigonga tofali kwa ncha ya mwiko kabla hajalipaka udongo. Lililotoa sauti mbaya alilitupa nyuma yake bila kusema neno, na msaidizi alijua ni la kuokota. Wazee wa kizazi chake walifundishwa na makapita (wasimamizi) wakali, kwa sababu kambi zilijengwa kwa hesabu. Miaka ya kwanza wafanyakazi walilazwa kwenye vibanda vya miti na majani, magonjwa yakawaua wengi, wengine wakakimbia. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 Union Minière ilibadilisha siasa yake: ilitaka mtu akae na mke na watoto, asirudi kijijini kila mara, na mtu wa namna hiyo anahitaji nyumba ya kudumu. Ndiyo maana kambi zikapata nyumba za matofali, shule na zahanati. Ilikuwa kwa faida ya kampuni, na mji ulikuwa umegawanywa kwa rangi, na eneo tupu la mita mamia kadhaa lilitenga Wazungu na cité, mitaa ya Waafrika. Lakini mikono iliyojenga pande zote mbili ilikuwa mikono ya watu wetu, na ujuzi ulibaki kwao.

Mtaa wetu wa Katuba umetokana na hilo. Ulianza kujengwa karibu mwaka 1950, wakati wa ule mpango wa miaka kumi wa serikali ya kikoloni, wa 1949 hadi 1959. Kamishna wa wilaya, Ferdinand Grévisse, aliona ni heri mfanyakazi apewe lupango (kiwanja) na mkopo, ajenge mwenyewe akisimamiwa, kuliko kungoja nyumba ya serikali. Babu yangu alijenga kwa njia hiyo. Mtaa wa Ruashi ulikwenda kwa njia nyingine: Office des Cités Africaines, iliyoundwa mwaka 1952, ilijenga nyumba nzima nzima kwa safu, zikiwa tayari, na mtu akaingia. Hata leo ukipita Ruashi ya zamani unaona mpango mmoja uliochorwa mezani, na ukipita Katuba unaona kila mwenye lupango alivyokuwa na mawazo yake. Mimi napenda Katuba, lakini nakubali Ruashi mistari imenyooka.

Nyumba ya babu bado imesimama. Tulipobandua plasta upande wa nyuma ili kuunganisha vyumba vipya, fundi kijana aliyekuwa akidai bloki alikaa kimya akiangalia. Matofali yalikuwa ya kichuguu, yameunganishwa kwa udongo na chokaa kidogo, na nyundo ilikuwa inaruka. Akachukua moja la mzee wa barabara ya Kasenga akaligonga kando ya lile la babu. Mlio ulikaribiana sana. Tangu siku hiyo hakutaja bloki tena.

Kuhusu miaka iliyofuata nitasema kwa kifupi, kila familia ya hapa ina hadithi yake. Uhuru, Katanga kujitenga kuanzia Julai 1960 hadi Januari 1963, kazi za ujenzi zikasimama. Mwaka 1973 biashara za wageni zikatwaliwa na kupewa wenyeji, kisha bei ya shaba ikaanguka, na nchi inayojenga kwa pesa ya shaba ikaacha kujenga. Uporaji wa 1991 ukamaliza maghala mengi. Katika miaka hiyo yote aliyeendelea kujenga Lubumbashi ni mwenye lupango na jirani yake mwenye tanuru. Simenti ilipokosekana walijenga kwa udongo, malata yalipokosekana walitia mawe juu ya mabovu, lakini tofali halikukosekana.

Baadaye pesa ilirudi. Sheria mpya ya madini ya 2002 ilileta makampuni, mwaka 2008 ukaja ule mkataba mkubwa na Wachina wa madini kwa barabara na majengo, na mji ukapanuka mpaka mahali ambapo zamani tulikwenda kutafuta uyoga. Wakati huohuo maelfu ya wafanyakazi wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, walikuwa wameondoka kwa hiari mwaka 2003 na 2004, na kati yao walikuwamo mafundi ambao hakuna aliyechukua nafasi yao. Hili linaniuma. INPP, taasisi ya serikali ya mafunzo ya kazi, inafundisha tangu mwaka 1964, mapadre Wasalesiani wana shule za ufundi hapa na wamekuwapo tangu 1911, na kijana anayetaka kuwa fundi umeme au seremala anajua mlango wa kubisha. Anayetaka kuwa fundi wa tanuru abishe wapi? Mzee wangu alifundishwa na baba yake. Vijana wake wanafundishwa naye kwa kukesha kando ya moto, na wakipata kazi ya kusukuma mizigo mgodini wanaondoka. Kama kuna mtu wa jimbo anayesoma hapa: fungueni darasa moja tu la kufyatua na kuchoma matofali. Vifaa vyake ni kibao na kichuguu.

Sasa kasoro, kwa sababu sijaja kumtangaza mtu.

Vipimo havifanani. Kibao kikilika, tofali linakuwa refu kidogo, na kichuguu kimoja kinanywea motoni kuliko kingine. Matofali ya tanuru moja yanakwenda pamoja, lakini niliyoongeza baadaye kutoka tanuru jingine lake yalimlazimisha fundi kunenepesha kiungo. Nunua yote kwa mkupuo mmoja, na uongeze ya akiba.

Vichuguu vyetu vina vijiwe vyeupe, hasa sehemu ya chini. Ni chokaa. Kikiingia kwenye tofali na kuchomwa, kinakaa kimya mpaka kinywe maji, kisha kinavimba na kurusha kipande cha plasta. Kwenye ukuta wangu vimetokea vishimo vichache vya ukubwa wa kifungo cha shati. Havidhoofishi ukuta, lakini vinachukiza macho. Mzee anasema huwa anaacha ile sehemu ya chini ya kichuguu. Vijana wake hawaiachi kila siku. Mwagia rundo maji ukisha kulipokea, uliache siku kadhaa kabla ya kujenga. Lenye kijiwe kikubwa litajitangaza lenyewe.

Kuni ndilo jambo linalonisumbua zaidi. Tanuru moja linakula miti mingi, na miti hiyohiyo ndiyo makala (makaa) ya jikoni zetu. Msitu umeshasogea mbali na mji, kila mtu anayesafiri kwenda Kasenga anauona unavyorudi nyuma. Nilimwuliza. Alinijibu kwamba anachanganya maganda na vumbi la mbao pale anapolipata, na kwamba kuni sasa zinamgharimu kuliko vijana. Sikuona akipanda mti. Ningelipa zaidi kidogo kwa tofali kama ningejua anapanda, na nimemwambia hivyo.

Usafiri si wake. Anakuitia lori la mtu mwingine, na lori nililopata mimi lilimwaga mzigo badala ya kuupakua kwa mikono. Niliokota vipande vya kutosha kujaza sakafu ya chumba kimoja, ndiko vilikokwenda. Patana na dereva mapema kwamba matofali yatapakuliwa kwa mikono, na mmoja wa nyumbani asimame pale.

Kuhusu malipo: bei ni kwa elfu, kwa dola au kwa franka za siku hiyo. Nilitoa nusu nikiagiza, nusu tofali la mwisho liliposhuka. Hana stakabadhi, anaandika kwenye daftari, nawe unatia sahihi. Hesabu ilitimia. Ukilinganisha ukuta mzima kwa ukuta mzima, usisahau kwamba tofali linakula mchanganyiko mwingi zaidi kwenye viungo na siku nyingi zaidi za fundi. Mimi bado lilinitoka nafuu kuliko bloki nzuri. Kuliko bloki mbaya, hapana, bloki mbaya ni rahisi sana.

Ningempa nyota nne kati ya tano. Ya tano ni ya miti.

Kwa anayetaka kwenda: anaanza kufyatua mvua zikiisha, karibu Mei, na matanuru ya kwanza yanafunguliwa katikati ya kiangazi. Usingoje Oktoba, wakati kila mtu wa Lubumbashi anakumbuka kwamba hana ukuta. Yanayobaki mwezi huo ni fungu la tatu. Fungu la tatu linafaa kugawa vyumba kwa ndani, pasipofika maji. Yale meusi yaliyopinda, ambayo wengi wanayadharau, ombeni kwa ajili ya msingi na mitaro, ni magumu kuliko yote na yanauzwa kwa bei ndogo. Mimi nimeshaagiza ya kuanzia uzio.